Petroli ya Januari

Alfajiri ya Julai, Matamba.
Sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
ukiikanyaga inalia kama chumvi ya mawe.
Naingiza ufunguo, navuta choki hadi mwisho,
pikapu inaamka shingo upande:
kh, kh, kimya,
kh, kh, kisha inashika,
ila inashika kama mtoto aliyeamshwa akateke maji,
ndoo mkononi, macho bado kitandani.

Magunia tisa nyuma, madumu manne ya maziwa,
Tuntufye na mwanawe wamebanana mbele.
Hatujafika kona ya kwanza, imeshatutikisa meno.
Inamisi. Silinda moja inajibu, ya pili inafikiri,
ya tatu inaomba radhi.

Kutoka kwetu hadi Chimala ni kona hamsini na saba.
Wengine huzihesabu kwa macho, mimi kwa masikio.
Ya tisa, inakohoa.
Ya kumi na nne, inashtuka kama aliyekumbuka deni.
Kisha joto la Usangu linapanda kutulaki,
linapenya dirisha bovu na harufu ya pumba za mpunga,
navua koti, Tuntufye analegeza kitenge,
na kwenye kona ya arobaini, sijagusa kitu,
injini inanguruma laini,
paka juu ya jiko lililozimwa.

Ndiyo maana fundi Lusajo hakuniamini.
"Dada, gari lako linaugua likiwa kwenu tu."
Akafungua plagi, akazipanga kwenye kitambaa
kama meno yaliyong'olewa,
akapuliza kabureta, akasikiliza, akaguna.
Akanusa tangi. Akanusa tena.
"Hii petroli umeinunua lini?"

Januari. Wala si mimi, ni Obadia.
Alijaza pipa zima, mvua zikitishia kukata barabara,
akaliweka nyuma ya jiko, akalifunika gunia,
akasema anakwenda Tunduma, wiki mbili.

Lusajo hakuuliza ni wiki ngapi sasa.
Alinimiminia kidogo kiganjani.
"Petroli si kitu kimoja. Ni msafara.
Wamo wepesi, wanaowahi moto kwenye baridi.
Wamo wazito, wanaongoja injini ipate joto.
Pipa likikaa, kizibo kikilegea,
wepesi huondoka kwanza, usiku, bila kuaga.
Waliobaki watafaa mchana wa Chimala.
Alfajiri ya Matamba, hapana."
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Na usije ukadhani wepesi watupu ndiyo dawa.
Wakizidi, joto la huku huwachemshia bombani,
gari likakuzimikia katikati ya barabara kuu,
bomba limejaa mvuke, tangi limejaa mafuta."

Nilitazama kiganja. Kilichelewa kukauka,
kikabaki na utelezi, na harufu ya vanishi,
kama kabati la mtu aliyehama.
Miezi sita nimelibania pipa lile!
Nimelipima kwa kijiti kila Jumamosi,
nimewanyima majirani hata kikombe,
nimetembea kwa miguu hadi mnadani
ili lisiishe.

Nikacheka. Nilicheka mpaka Lusajo akashika spana vizuri.
Tuntufye akadhani nimepunguziwa bei.

Sasa nachanganya: sehemu moja ya zamani, tatu za mpya,
za mpya nanunua kidogo kidogo, za juma moja.
Itakayobaki pipani itaosha nati na minyororo.
Gunia nimelitoa, nimetia viazi.

Leo sakitu ilikuwa nene kuliko jana.
Choki, ufunguo, kh, ikashika.
Ilitetemeka kidogo mwanzoni, sitadanganya,
gari ni la zamani na mlima ni mlima,
kisha silinda zote zikajibu kwa zamu.
Simu ikaita kwenye kiti. Namba ya Tunduma.
Niliiacha iite.
Mkono ulikuwa kwenye choki, nairudisha taratibu,
nasikiliza.